Kura tatu: kiti ni chenu, ufunguo uko kwa nani?

Ukikaa barazani na wazee wa Tabora, hakukuchi bila kura tatu kutajwa. Vijana wengi hudhani ni kura iliyorudiwa mara tatu. Sivyo. Kura tatu ulikuwa utaratibu wa uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura, awe wa rangi gani, alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja kwa kila kiti.

Babu mmoja wa Isevya, mtaa wa hapa Tabora, ambaye baba yake alipiga kura hiyo, alinieleza kwa kokwa za embe. Alizipanga tatu mkekani. "Hii Mwafrika, hii Mhindi, hii Mzungu. Ukichukua moja ukaziacha mbili..." Akazifagia zote kwa kiganja. Kura imeharibika.

"Sasa babu, na kama huyo Mzungu humtaki?"

"Utamtaka tu, mjukuu wangu."

Uchungu wake unaeleweka. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu kama 20,000 hivi, lakini viti ni sawa kwa sawa. Na kabla hujaandikishwa ulipimwa kwa kipato, elimu au cheo. Ndiyo maana mkutano mkuu wa TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, uliofanyika hapa Tabora Januari 1958 ulikuwa moto: tususie au tuingie? Nyerere, wazee husimulia, alitoa mfano wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe, mavuno yake yako ng'ambo ya tope. Asipokubali kuchafuka, mavuno yataoza shambani. Mkutano ukakubali kuingia. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake.

Mimi navutiwa zaidi na kiti cha Mwasia, kwa sababu hapo ndipo dhana ya uwakilishi wa wachache inapoonekana vizuri. Waasia wa miji kama Tabora na Kigoma walikuwa wachache, na miongoni mwao wamo Waislamu wenye jamaa zao na misikiti yao: Waismailia, Waithnaasheri, Mabohora, wote madhehebu ya Kishia. Kiti kiliandikwa jina lao. Lakini aliyeingia alichaguliwa na watu wote, na waliopita ni wale walioungwa mkono na TANU. Sophia Mustafa, mwanamke Mwislamu aliyezaliwa India, alipata kiti cha Waasia Jimbo la Kaskazini kwa njia hiyo. Amir Jamal, Mwismailia mzaliwa wa Mwanza, aliingia kwa mlango huohuo, baadaye akawa Waziri wa Fedha.

Kuna njia nyingine, ya kila jamii kuwa na daftari lake la wapiga kura. Mwaka 1906 Aga Khan III, imamu wa hao Waismailia, aliongoza ujumbe wa Waislamu wa India kwenda Simla, mji wa huko India, kuiomba serikali ya Waingereza jambo hilo. Sheria ya 1909 ikalikubali: Mwislamu achaguliwe na Waislamu wenyewe. Jirani zetu Kenya nao, uchaguzi wa 1952, waliwatengea Waasia Waislamu viti na wapiga kura wao.

Daftari la peke yenu huwapa msemaji wenu hasa, anayejua kilio chenu, kwa sababu bila nyinyi hana kiti. Ila hana haja ya kumbembeleza mtu mwingine yeyote, na wengine nao hawana haja yenu. Daftari la pamoja huwapa mtu anayesikilizwa na wengi, lakini huenda mkamwona wa kwenu kwa jina tu. Mimi naona la pamoja ni bora, mradi watu wasiambiwe kwamba sura peke yake ni uwakilishi.

Maana wingi nao haukutoshi. Waislamu wa Tanganyika walikuwa wengi ndani ya TANU, lakini sharti la elimu liliwabana, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misheni. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, alihoji nafasi ya Waislamu katika uongozi ujao. Mwaka huohuo wa 1958 akafukuzwa chamani. Hoja ile ilistahili kujibiwa, si kunyamazishwa.

Viti vya rangi vilikufa baada ya uhuru, na tangu 1992 sheria ya vyama vya siasa hairuhusu kusajili chama cha dini. Kwa hiyo anayetaka kujua Waislamu wachache wa Kasulu, au Wakristo walio wachache Ujiji, wanawakilishwaje, asisubiri siku ya uchaguzi. Aende kwenye kura za maoni za vyama, ambako wanachama hupigia kura wanaotaka kugombea, aangalie nani anachukua fomu, wajumbe wanaopiga kura ni akina nani, na jina la nani linakatwa na viongozi wa juu wa chama.