Huruma ya Castilla, tena?

Nimeulizwa tena wiki hii: "Si ndiye yule jenerali wa Peru aliyewahurumia watumwa akawaacha huru?" Kuwaacha huru, ndiye. Hiyo huruma ndiyo inayonipandisha mori.

Ya ujanani tuyapite mbio. Ramón Castilla alizaliwa Tarapacá mwaka 1797, akaanza uaskari upande wa mfalme wa Hispania, akatekwa kwenye vita vya Chacabuco, Chile, mwaka 1817, baadaye akahamia kwa wapigania uhuru na kupigana kwenye vita vya Ayacucho, Peru, mwaka 1824. Urais wa kwanza, 1845 hadi 1851. Basi.

Sasa 1854. Castilla ni muasi anayetaka kumng'oa rais José Rufino Echenique. Novemba, Echenique, maji yamemfika shingoni, anatangaza kwamba mtumwa atakayejiunga na jeshi lake atapata uhuru. Desemba 3, akiwa mji wa Huancayo, Castilla anapanda dau: watumwa wote huru, hata wasioshika bunduki. Wote? Isomeni amri yenyewe, jamani! Inawanyima uhuru wale watakaochukua silaha kumtetea Echenique. Huruma gani hiyo inayouliza kwanza uko kambi ya nani?

Na fidia je? Aliyelipwa ni bwana, si mtumwa: peso 300 kwa kila kichwa, na vichwa vilikuwa kama 25,000. Fedha zilitoka kwenye guano, kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana visiwa vya Chincha, Wazungu wakakigombania kuwa mbolea. (Ndiyo, uhuru ulilipiwa kwa mavi ya ndege. Chekeni, kisha tuendelee.) Kati ya waliokichimba walikuwepo vibarua wa Kichina waliofungwa kwa mikataba ya miaka minane. Sheria ya kuwaleta ilipitishwa mwaka 1849. Rais nani? Huyohuyo.

Lakini kuna jambo linanikwaza mwenyewe. Julai 1854 alikuwa ameshafuta kodi ya kichwa ya wenyeji wa milima ya Andes, kodi ambayo serikali yake ya kwanza iliikusanya bila haya. Hesabu za vita tena, nilikuwa nikisema. Ila Januari 1855 alimshinda Echenique kwenye vita vya La Palma, hakumhitaji tena mtumwa yeyote, angeweza kuikunja amri ya Huancayo akaitia kapuni. Hakuikunja. Hapo hoja yangu huchechemea, na darasani huwa naharakisha kupita.

Alirudi madarakani hadi 1862. Mei 1867 alifia Tiliviche, jangwani kwao Tarapacá, mzee wa miaka 69, safarini kwenda kupindua serikali nyingine.