Mtwara si Dar: dhana zinazowalowesha wageni wangu

"Nije Februari, si ndiyo kiangazi?" Juzi nimeulizwa tena, na mgeni wa Dar aliyekwishakata tiketi. Kwa miaka niliyotembeza wageni kati ya Mikindani na Msimbati, hakuna dhana iliyoharibu safari nyingi kama hii: kwamba pwani ni moja, kwa hiyo mvua ya Dar ndiyo mvua ya Mtwara.

Si kweli hata kidogo. Dar, Tanga na Unguja wana vuli, Oktoba hadi Desemba, kisha masika, Machi hadi Mei. Sisi msimu wetu ni mmoja. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: Lindi na Mtwara hazitajwi pamoja na Dar, zinatajwa pamoja na Ruvuma, Mbeya na Dodoma, mikoa ya mvua za msimu. Utabiri huo unasomwa kila mwaka, na kila mwaka napokea watu stendi mwezi wa kwanza wamevaa miwani ya jua, viatu vya turubai vimejaa maji.

Sababu yake haina ugumu. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Jua likishuka kusini mwishoni mwa mwaka, ukanda hupita Dar na hiyo inakuwa vuli. Likirudi kaskazini, hupita tena na hiyo ni masika. Katikati, Januari na Februari, Dar wanapumua. Lakini ukanda haujapotea, umekuja huku! Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo huku kwenda kwake na kurudi kwake hukaribiana mno, mvua zikaungana. Wakati Dar wanaanika, sisi tunakinga maji ya bati.

Dhana hiyohiyo inawanyima watu Oktoba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wanaogopa vuli isiyokuwepo. Oktoba kusi, upepo mkali wa kusini, imekwisha nguvu, matlai, upepo wa mashariki, inavuma taratibu, bahari shwari, na ukipita mashambani harufu ya mabibo inakufuata njia nzima kwa kuwa korosho zinaokotwa. Ukinitaka nikuchagulie mwezi mmoja, ni huo. Beba kofia yenye ukingo mpana, maana wiki ya tatu ya Oktoba jua la saa sita linasimama wima juu ya utosi.

Kama likizo yako ni Januari tu, njoo, ila acha jinzi nyumbani. Nimelisema hili mpaka nimechoka. Jinzi ikilowa katika unyevu wa huku, siku ya tatu bado mbichi na imeanza kunuka. Leta nguo nyepesi za pamba, koti la mvua badala ya mwavuli, kwa sababu mvua inayokuja na upepo huugeuza mwavuli nje ndani, na kanga mbili. Kanga ni taulo, ni shuka, ni kivuli, na hukauka ukiwa bado unakunywa chai. Simu itafutie mfuko maalumu usiopitisha maji kabla hujasafiri. Usitegemee kuomba mfuko wa plastiki dukani, ile ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

"Pwani hakuna baridi." Panda ngalawa alfajiri ya Julai, kusi ikikupiga kifuani na nguo zimelowa, halafu uniambie. Na wengi hawaishii pwani, wanapanda Newala kuliangalia bonde la Ruvuma kutoka juu. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na kipupwe chake kinataka sweta nzito.

"Vimbunga ni vya Msumbiji." Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952. Aprili 2019 Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Mei 2024 Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Dar na Lindi upande wa Kilwa. Havitokei kila mwaka, lakini Aprili na Mei mapema sikiliza tahadhari kabla ya kupanda basi au boti.

Mbu wa mvua tu? Hapana. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Chandarua na nguo za mikono mirefu za jioni, mwezi wowote.

Mwisho, bahari haikusubiri. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa sana kuanzia saa nne, saa tano asubuhi, na mgeni aliyepanga kuogelea kabla ya chakula cha mchana anakuta mwamba mtupu hadi mbali. Yatajaa tena alasiri. Muda huo wa maji kupwa ni mzuri wa kutembea mwambani, lakini si peku na si kwa kandambili, kwani kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyayo. Vaa viatu vyenye soli nene.