Kuhamishia Biashara Kaunti ya Nakuru: Stakabadhi Zitangulie Mashine

Kila mwaka leseni za biashara zinapokaribia kufanywa upya, ofisi za kaunti hupokea malalamiko ya aina moja, nayo yamekuwa mengi zaidi tangu Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Mlalamishi huwa mwenye biashara aliyetoka Nairobi au Thika, akanunua kipande cha ardhi Bahati, Njoro, Rongai au Gilgil, akasimamisha ghala la mabati na kuleta mashine zake kwa lori, kisha baada ya wiki chache akakabidhiwa notisi ya kumtaka asimamishe kazi. Huja ofisini akiamini kwamba amedhulumiwa. Makala haya yanaeleza kwa nini uamuzi wake wa kuhama ulikuwa wa busara, na kwa nini notisi ile ilikuwa halali.

Manufaa ya kuhamia Nakuru hayahitaji kutiwa chumvi. Kaunti iko takriban kilomita 160 kutoka Nairobi, kwenye barabara kuu ambayo, ikifika Mau Summit, hugawanyika: mkono mmoja huelekea Eldoret hadi Malaba, na mwingine Kericho hadi Kisumu na Busia. Mwenye ghala hapa anaweza kuhudumia soko la Nairobi na la magharibi bila kupitisha bidhaa zake mara mbili katikati ya msongamano wa mji mkuu. Reli ya kisasa nayo imefika upande wa Naivasha, ambako kuna bandari kavu karibu na Mai Mahiu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 2,162,202, idadi iliyoiweka Nakuru katika nafasi ya tatu nyuma ya Nairobi na Kiambu. Viazi vya Molo na Kuresoi, ngano ya Njoro, maziwa, mboga na pareto vinapatikana humu humu, jambo ambalo msindikaji anayevisafirisha vikiwa vibichi hadi Nairobi hulilipia kila siku kwa mafuta ya gari na kwa mazao yanayoozea njiani. Vijana wenye ujuzi hutoka Chuo Kikuu cha Egerton, Kabarak na vyuo vya ufundi vya eneo hili.

Kuhusu umeme, inafaa tutahadharishe. Ni kweli kwamba umeme wa mvuke umezalishwa Olkaria tangu 1981, na kwamba Menengai nayo imeanza kuzalisha. Hata hivyo, kuwa jirani na visima vya mvuke hakupunguzi bili, kwa sababu mteja wa kawaida wa Kenya Power hutozwa kulingana na aina ya matumizi yake wala si kulingana na umbali wake kutoka mtamboni. Ndivyo ilivyo pia kuhusu nafuu ya kodi ya maeneo maalumu ya kiuchumi yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, ambayo ni kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka kumi inayofuata. Nafuu hiyo ni ya kampuni iliyopewa leseni ya kufanya kazi ndani ya eneo lililotangazwa rasmi. Ploti inayopakana na ua wa eneo hilo haipati chochote, hata kama dalali aliandika vinginevyo kwenye bango lake.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambako ndiko kesi nyingi huanzia. Sehemu kubwa ya ardhi inayouzwa pembezoni mwa jiji ni ya kilimo. Uuzaji wa ardhi ya aina hiyo huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano yafanywe. Idhini isipopatikana, mauzo yale ni batili kisheria, hata kama fedha zote zimekwisha kulipwa. Kampuni binafsi yenye mwanahisa asiye raia wa Kenya, hata akiwa mmoja tu, hainyimwi idhini hiyo kwa chuki ya afisa. Sheria yenyewe inaiagiza bodi imkatalie mnunuzi wa namna hiyo, isipokuwa apate msamaha kutoka ngazi ya juu, kwa hiyo ni heri kampuni kama hiyo itafute tangu mwanzo ardhi iliyokwisha kupangiwa viwanda.

Chukua mfano wa faili la mtengenezaji wa krispi za viazi aliyenunua nusu ekari upande wa Njoro. Faili lina mkataba wa mauzo, risiti za benki, picha za mashine ya kukaangia ikiwa bado ndani ya kreti, na hati miliki iliyotolewa vizuri kwa jina lake. Hakuna ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi. Michoro ya jengo haina muhuri wa msanifu majengo aliyesajiliwa. Karatasi ya mwisho ni barua ya jirani mwenye ng'ombe watatu anayelalamika kwamba maji machafu yenye mafuta yameingia kwenye mtaro anaonyweshea mifugo wake. Mwenye faili anauliza kwa herufi kubwa: «Hati ni yangu, nimekosa nini?» Swali hili tumelijibu mara nyingi kuliko tunavyopenda. Hati miliki huthibitisha mwenye ardhi ni nani. Kinachoruhusiwa kufanyika juu ya ardhi hiyo huamuliwa na mpango wa matumizi ya ardhi.

Utaratibu ni huu. Mwombaji humtumia mpangaji miji aliyesajiliwa, ambaye huandaa taarifa ya mipango. Tangazo hubandikwa kwenye ardhi yenyewe na kuchapishwa gazetini ili majirani watoe maoni au pingamizi, na idara zinazohusika, zikiwemo za barabara, maji, mazingira na afya ya umma, hutoa maoni yao. Matumizi yakishabadilishwa ndipo michoro ya ujenzi huwasilishwa, pamoja na leseni ya mazingira ya NEMA (mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira) kwa miradi inayoihitaji. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema kwamba anayeanza kujenga au kubadilisha matumizi bila ruhusa ya kaunti anatenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Anayepuuza notisi ya utekelezaji naye hushtakiwa kwa kosa jingine, ambalo adhabu yake haipungui uzito wa ile ya kwanza. Askari wa kaunti wanaofika na notisi hawakuitunga wao, na kuwatolea maneno makali hakubadilishi tarehe iliyoandikwa juu yake.

Mipango hii ina sababu zake hapa. Udongo wa Nakuru ni wa asili ya volkano na hutitia baada ya mvua kubwa, na tetemeko la Subukia la Januari 1928 bado ni miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa nchini. Ripoti ya uchunguzi wa udongo isichukuliwe kuwa karatasi ya kujaza faili. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, kwa hiyo anayetengeneza chakula au vinywaji ayapime kabla ya kununua ardhi. Kuchimba kisima nako huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Leseni ya biashara ya Nairobi haihamishiki. Kila kaunti hutoza kwa mujibu wa sheria yake ya fedha, na mwenye ofisi katika kaunti mbili hulipia zote mbili. Wafanyakazi nao hawahamishwi kama samani: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ashauriane nao kabla ya kubadilisha mahali pa kazi kwenye mkataba, kisha awaarifu kwa maandishi. Anayepunguzwa kazi kwa sababu ya kuhama hustahili notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Mamlaka ya Mapato iarifiwe ndani ya siku 30 kuhusu makao mapya ya biashara, naye msajili wa kampuni apelekewe anwani mpya.

Wapo waliosoma kwamba ombi la ujenzi lisipojibiwa ndani ya siku 60 huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Kifungu hicho kipo. Siku hizo huhesabiwa tangu ombi kamili lilipopokelewa, na anayekitegemea lazima aonyeshe stakabadhi ya kupokelewa yenye tarehe, si ujumbe wa simu kutoka kwa mtu aliyedai kwamba amelifikisha. Ombi likikataliwa, mwombaji ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango, na asiporidhika huko anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Nakuru mjini.