Mkaa Amilifu wa Mimea na Maji ya Kunywa: Maswali na Majibu

Mkaa amilifu unatofautianaje na mkaa wa kupikia?

Yote miwili hutokana na mimea: vifuu vya nazi, mbao, magunzi ya mahindi, maganda ya mpunga, kokwa za matunda. Tofauti iko kwenye hatua ya pili. Ili kupata mkaa amilifu, mkaa wa kawaida hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1000 za Selsiasi, au malighafi hulowekwa kwanza katika kemikali kama asidi ya fosforiki kisha ikachomwa kwa joto la chini ya hapo. Hatua hiyo hutoboa vitundu vingi mno ndani ya kila punje. Kuta za vitundu vilivyomo katika gramu moja tu, zikijumlishwa, mara nyingi hufikia eneo la mita za mraba 500 hadi 1500.

Unaondoa nini majini?

Kemikali za kikaboni hasa, yaani zile ambazo molekuli zake zimejengwa kwa kaboni. Maji yanapopita, molekuli za viuatilifu, za petroli kama benzini, za rangi za viwandani na zile zinazoleta harufu na ladha mbaya hunata kwenye kuta za vitundu. Mkaa wa vifuu una vitundu vyembamba, vingi vikiwa chini ya nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), hivyo hushika vizuri molekuli ndogo. Ule wa mbao mara nyingi una vitundu vipana zaidi, nao hufaa kwa molekuli kubwa kama za rangi. Klorini nayo huondoka, ila yenyewe hainati tu: humenyuka na mkaa ikageuka kloridi.

Kwa hiyo maji yakishapita humo sina haja ya kuchemsha?

Unayo, kama maji hayo hayakuwa salama tangu mwanzo. Nalisisitiza hili kuliko yote, maana maji yaliyotoka kwenye chujio yaking'aa na bila harufu humpa mtu imani ambayo hayastahili. Mkaa amilifu hauui vijidudu. Virusi na bakteria wa kipindupindu au homa ya matumbo wanaweza kupita pamoja na maji. Zaidi ya hapo, bakteria hupata makazi ndani ya mkaa wenyewe: kuna unyevu, kuna chakula kilichonaswa, na klorini ambayo ingewazuia imekwishaondolewa.

Chuja kwanza, ua vijidudu baadaye. Ukitia dawa ya klorini kabla ya kuchuja, mkaa utaiondoa, na maji yatabaki bila kinga ndani ya ndoo. Kuchemsha nako kunafuata baada ya kuchuja. Na usidhani kuchemsha kunatosha peke yake, kwani viuatilifu vingi haviondoki kwa moto wa jikoni.

Kuna kemikali zinazoushinda?

Ndiyo. Chumvi, floraidi na nitrati hupita karibu zote. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi na miligramu 50 za nitrati kwa lita. Nitrati ikizidi ni hatari kwa watoto wachanga wanaonyonya maziwa ya chupa, kwa sababu inaweza kuizuia damu isibebe oksijeni inavyopaswa. Kuchemsha huizidisha, maana maji hupungua nayo inabaki. Kisima kikiwa karibu na choo au mashamba yenye mbolea nyingi, maji yapimwe maabara kabla ya kununua chujio lolote.

Naweza kutengeneza mwenyewe?

Mkaa wa kawaida uliosagwa na kuoshwa hupunguza harufu na rangi kiasi, lakini usiutegemee dhidi ya sumu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia mchwa usizichome kabisa kwa kazi hii: baadhi ya dawa hizo zina aseniki.

Nitajuaje kuwa mkaa umechoka?

Harufu au ladha ikirudi, ulipaswa kubadilishwa mapema zaidi. Sumu nyingi hazina ladha, kwa hiyo fuata idadi ya lita au miezi iliyoandikwa na mtengenezaji, na uhesabu chini ya hapo kama maji yako ni machafu. Tope huziba vitundu, hivyo acha maji yatuame au uyapitishe kwenye mchanga kwanza. Kuuosha mkaa au kuuanika juani hakuurudishii nguvu. Viwandani huchomwa upya kwenye tanuri maalumu. Ukiendelea kutumia uliojaa, mkaa huo unaweza kuanza kuziachia tena majini kemikali ulizokuwa umezinasa.