Gimbi lako halijafa: dhana potofu kuhusu magimbi na baridi

Kila ifikapo Novemba, sisi tunaopanda magimbi Uingereza hupigiana simu kama za msiba. "Majani yote yamelala, meusi, yanateleza kama mlenda. Nimeng'oa, nimetupa." Hapo kwenye kutupa ndipo ninapoumia, kwa sababu mara nyingi kilichotupwa bado kina uhai.

Nimekulia Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako gimbi la kuchemsha na chai ni kifungua kinywa cha kawaida. Wakenya huliita nduma, Warundi na Wanyarwanda amateke. Kote huko ni mmea wa mtoni usiohitaji kubembelezwa, na nadhani ndiyo maana tukifika penye baridi tunakosea sana.

"Majani yakiungua kwa baridi, mmea umekufa." Si kweli. Jani la gimbi limejaa maji. Usiku wa jalidi, yaani umande unapoganda, barafu huvuruga chembe hai za jani, na jua likitoka jani zima hulegea na kuwa jeusi. Lakini gimbi lenyewe si jani wala si mzizi. Ni shina lililovimba chini ya ardhi, lina macho ya kuchipua, na udongo hupoa polepole kuliko hewa. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani kama Texas na Florida, magimbi yamegeuka magugu ya kandokando ya mito: jalidi ikipiga majani hufa, joto likirudi yanachipua tena.

"Gimbi huozeshwa na baridi." Hii ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuponza. Anayeozesha zaidi ni baridi akiwa pamoja na maji. Mmea huu hustawi joto likiwa nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi au zaidi kidogo. Likishuka chini ya 10 hukaribia kusimama kukua. Mmea uliosimama, usio na jani, haunywi maji. Nami majira yangu ya kwanza ya baridi niliendelea kumwagilia kopo langu kila wiki, kwa sababu nyumbani gimbi hukaa mferejini na sikuwahi kuliona likikauka. Februari nilipochimba nilikuta uji wenye harufu mbaya.

Sasa nafanya hivi. Majani yakishapigwa na jalidi ya kwanza nakata mabua, nabakiza kama upana wa viganja viwili. Nachimba, nakung'uta udongo bila kuosha, naanika kivulini penye hewa, ndani ya nyumba, kwa siku kadhaa mpaka ngozi ikauke. Kisha napanga kwenye boksi la katoni lenye maranda makavu, magimbi yasigusane, na naweka penye giza na ubaridi wa wastani, kati ya nyuzi 7 na 13. Mfuko wa plastiki hapana, unafuga unyevu. Mara moja kwa mwezi nafungua na kubonyeza: lililolainika natoa kabla halijaambukiza mengine. Ambako baridi si kali, unaweza kuyaacha ardhini ukayafunika kwa nyasi kavu nene, mradi udongo hautuamishi maji.

Friji ya jikoni isikushawishi. Huwa karibu na nyuzi 4, na ubaridi huo hulijeruhi gimbi polepole hata bila kuligandisha. Ukilikata baada ya wiki kadhaa utakuta ndani limekuwa la kahawia.

"Bora kuliingiza sebuleni karibu na hita." Joto lipo, ila mwanga wa Desemba ni mdogo na hewa ya hita ni kavu. Majani huwa ya manjano na utitiri hujaa upande wa chini. Kama huna dirisha lenye mwanga wa kutosha, liache lilale.

"Magimbi yote ni sawa." Kuna aina ya gimbi moja kubwa linalohitaji miezi 8 au zaidi, na kuna aina ya gimbi mama dogo lililozungukwa na vitoto vingi, ambayo hukomaa mapema na kuvumilia ubaridi zaidi. Hii ya vitoto ndiyo Wajapani huiita satoimo. Huvunwa majira ya mapukutiko, na wakulima huyahifadhi chini ya udongo mpaka msimu mpya. Ukiwa Ulaya, tafuta hii. Na usile "masikio ya tembo" yanayouzwa kama maua. Hata gimbi halisi lina fuwele za kuwasha koo, lazima liive vizuri.

Mwezi wa Machi au Aprili natoa vitoto vyangu, napanda kwenye makopo madogo ndani ya nyumba, jicho likitazama juu, na maji kidogo tu mpaka chipukizi litokeze. Kuvihamishia nje kunasubiri mpaka mwishoni mwa Mei.

"Afrika Mashariki hakuna baridi ya kudhuru magimbi." Waulize wa Makete na Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kuhusu Juni na Julai. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: hewa baridi ni nzito, usiku mtulivu usio na mawingu huteremka na kutuama bondeni. Na bondeni, kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu, ndiko tunakopanda magimbi kwa ajili ya maji. Kenya nako watu huogopa Julai, ambayo ina ubaridi kweli lakini mawingu yake hufunika ardhi kama blanketi. Jalidi inayounguza chai nyanda za juu huja zaidi kati ya Desemba na Machi, anga ikiwa safi. Ukiweza, panda hatua chache juu ya sakafu ya bonde, maji yakiwa bado yanafika. Na jalidi ikipiga, usichimbe siku hiyo. Weka nyasi kavu kuzunguka shina, subiri wiki tatu, uangalie katikati ya mabua yaliyokauka kama kuna jani jipya lililojikunja.