Kuomba ruhusa si kupewa mti wote

"Nimeshauomba mti, umenipa." Wachuma dawa hulisema neno hili huku nyuma yao umesimama muiri, mti ambao gome lake ni dawa, uliobambuliwa kuzunguka, kuanzia usawa wa magoti hadi mabegani, na sarafu imewekwa shinani. Dua haiukomboi mti uliofanyiwa hivyo.

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Ukilikata kuzunguka shina, mizizi inakufa njaa. Majani hukaa mabichi kwa miezi kwa sababu maji bado yanapanda ndani ya mbao, na hapo ndipo watu hudanganyika kwamba mti umepona. Msimu wa pili wanakuta kuni.

Wazee walishaliwekea jambo hili mpaka. Baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki mganga huchukua gome upande wa mashariki na wa magharibi tu, jua linakotokea na linakozama. Kaskazini na kusini hubaki nzima, chakula kikapita. Anayeshika maneno akaziacha pande, ameacha kilichokuwa kinauhifadhi mti.

Basi chagua mti wenye shina lililozidi sentimita 30 kwa upana. Simama, tulia, sema la kusema. Kwa kisu kikali chora mistari miwili ya wima, kina cha gome tu, ikiachana upana wa kiganja. Juu na chini ikutane kwa ncha ili maji ya mvua yasituame. Inua gome taratibu kwa kijiti kigumu. Utaona utando mwororo unaoteleza juu ya mbao. Usiukwangue wala usiupanguse, maana ndio unaozaa gome jipya. Wanaogonga gome kwa jiwe ili libanduke huuponda utando huo na kuwafungulia njia wadudu watoboao mbao. Kiangazi kikali usibambue kabisa. Jeraha hukauka kabla halijaanza kufunga. Na usirudi kwenye mti huo hadi gome jipya lifunike jeraha lote. Hiyo ni miaka, si miezi. Muiri umeandamwa hivi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Wengine hukataa hata kusimama, wakisema kuomba ni ushirikina. Mwislamu na aseme Bismillahi, Mkristo na amshukuru Mungu kimya. Katika kusimama huko ndipo jicho linapoliona jeraha la zamani, au kiota juu ya tawi.

Wapo pia wasemao "mzizi ndio wenye nguvu, chimba wote." Wewe chimba upande mmoja, hatua moja kutoka shinani, chukua mzizi wa pembeni wa unene wa kidole gumba, mzizi mkuu usiuguse, kisha fukia shimo. Kwa muthiga, mti mwingine wa dawa, tafuna jani kwanza kabla ya kugusa gome. Linawasha ulimi kama gome lake, na jani huota tena.

Na Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, si pori lisilo na mwenyewe. UNESCO iliziandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, lakini wazee walizilinda kabla ya hapo. Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kaniki na hatoki na chochote, hata jani. Ukihitaji dawa iliyomo humo, nenda kwa wazee kwanza, na kisu ukiache nyumbani.