Jezi si Karatasi ya Kura: Dhana Potofu Kuhusu Wanasoka na Uhuru wa Uskoti

Tangu Novemba 2025, Uskoti ilipoifunga Denmark 4-2 pale Hampden na kukata tiketi ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza baada ya 1998, simu yangu haitulii. Kazi yangu ni karatasi za wachezaji: mikataba, vibali vya kazi, hati za uhamisho. Wanaonipigia ni makocha wa akademia, wazazi wa vijana wenye vipaji, mara chache mchezaji mwenyewe. Wanaanza na habari za kijana wao, wanamalizia na Uskoti. Wiki iliyopita baba mmoja alinihakikishia kwamba Scott McTominay, kiungo wa Uskoti, na wenzake "wanapigania uhuru wao dhidi ya Mwingereza" kila wanapoingia uwanjani. Alikuwa mtu wa tano kuniambia hivyo ndani ya mwezi mmoja. Basi naandika, ili atakayefuata nimtumie hii asome kwanza.

Dhana: Anayeipigania jezi ya Uskoti anataka Uskoti ijitenge

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, na sehemu ya kosa ni lugha yetu. Kwa Kiswahili tunasema "Uingereza" tukimaanisha England, kisha tunasema "Uingereza" tukimaanisha dola zima lenye England, Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini. Tukisikia Uskoti inacheza na Uingereza, tunaona mtawaliwa na mtawala. Mskoti haoni hivyo. Mechi ya kwanza ya kimataifa duniani ilichezwa Partick, Glasgow, tarehe 30 Novemba 1872, Uskoti na England, ikaisha 0-0. Kwa zaidi ya miaka 150 watu wameipenda timu hiyo kwa moyo wote huku wakiwa raia wa Uingereza, na wengi wao wakitaka kubaki hivyo.

Tazama kura ya maoni ya tarehe 18 Septemba 2014. Swali lilikuwa moja: je, Uskoti iwe nchi huru? Asilimia 84.6 ya waliojiandikisha walijitokeza. Hapana ilipata asilimia 55.3, Ndiyo 44.7. Sasa uliza watu wa soka walisimama wapi. Sir Alex Ferguson, mtoto wa Govan, kocha aliyeiongoza Uskoti kwenye Kombe la Dunia la 1986, alikuwa upande wa Hapana. Aliichangia kampeni hiyo pauni 501, akikizidi kwa pauni moja kikomo ambacho kambi ya Ndiyo ilikitaka kwa wafadhili wanaoishi nje ya Uskoti. Hoja yake ilikuwa kwamba Waskoti wapatao 800,000 kama yeye, wanaoishi sehemu nyingine za Uingereza, hawaishi ugenini. Ally McCoist na Alex McLeish, wote wawili waliovaa jezi ile na kuitolea jasho, walikuwa Hapana pia. Upande wa pili Michael Stewart, kiungo wa zamani wa Manchester United na Hearts aliyeichezea timu hiyohiyo ya taifa, alisimama hadharani kwa Ndiyo. Wimbo mmoja kabla ya mechi, kura tofauti kabisa. Anayetaka kujua msimamo wa mchezaji kwa kumtazama akiimba "Flower of Scotland" anapoteza muda wake.

Kuna jambo ambalo karibu kila mtu ninayemweleza huwa halijui: wachezaji wengi wa Uskoti hawakuwa hata na haki ya kupiga kura ile. Haki ilifuata makazi, mahali unapoishi kihalali, na umri wa miaka 16 au zaidi. Siku 11 kabla ya kura, Uskoti ilicheza na Ujerumani mjini Dortmund ikafungwa 2-1. Wengi wa walioanza walikuwa wa vilabu vya England: Darren Fletcher wa Manchester United, Steven Naismith wa Everton, Ikechi Anya wa Watford aliyefunga bao la Uskoti, mzaliwa wa Glasgow mwenye baba Mnigeria na mama Mromania. Mchezaji mwenye makazi England hakuwa na karatasi ya kura, hata angekuwa nahodha wa Uskoti. Ferguson mwenyewe, pamoja na pauni zake 501, hakuwa nayo.

Wakati huohuo Virgil van Dijk, Mholanzi, alikuwa beki wa Celtic akiishi Uskoti. Raia wa Umoja wa Ulaya mwenye makazi Uskoti aliruhusiwa kujiandikisha. Efe Ambrose, Mnigeria wa klabu hiyohiyo, alikuwa raia wa Jumuiya ya Madola, na raia wa Madola wenye ukaazi halali waliruhusiwa pia. Kwa hesabu hiyo Victor Wanyama wetu, aliyefunga bao siku Celtic ilipoipiga Barcelona 2-1 Novemba 2012, angeweza kuwa mpiga kura lau asingeuzwa Southampton Julai 2013. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda anayeishi Glasgow alikuwa na sauti. Mrundi na Mkongo hawakuwa nayo. (Tangu 2020 Uskoti imewapa raia wa nchi zote wenye kibali halali haki ya kuchagua Bunge la Uskoti na mabaraza ya mitaa.) Ndiyo maana nawasisitizia wachezaji wangu jambo moja hadi wananichoka: jua anwani yako rasmi iko wapi, na tunza ushahidi wake. Nimemwona mchezaji akikosa haki yake kwa sababu kila barua ilikwenda kwenye nyumba aliyoihama mwaka mmoja nyuma.

Wengine huniuliza, mbona basi wachezaji wa sasa wako kimya? Wanadhani FIFA imewakataza. Sheria inakataza maneno na alama za kisiasa kwenye jezi na vifaa vya mchezo. Haimzuii mchezaji kutoa maoni yake akiwa mtaani kwake. Ukimya wao una sababu nyingine. Mwaka 2014 nchi ile iligawanyika karibu nusu kwa nusu, na mgawanyiko huo ulikaa jukwaani, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hata mezani kwa familia. Mchezaji akisema neno, kesho nusu ya mashabiki wake mwenyewe wanamzomea. Wastaafu kama McCoist na Stewart wana nafasi ambayo kijana wa miaka 22 mwenye mkataba wa miaka miwili hana. Mimi simlaumu anayenyamaza, na simlaumu anayesema. Namlaumu anayemsemea.

Na tafadhali, msiniletee ile ya "Celtic ni Ndiyo, Rangers ni Hapana". Bendera za jukwaani zina historia ndefu: Celtic ya wahamiaji Wakatoliki kutoka Ireland, Rangers ya Waprotestanti wanaoshikilia Muungano wa Uskoti na England. Ila mchezaji wa Celtic anaweza kuwa Mjapani, wa Rangers anaweza kuwa Mnigeria, na mwakani wamehamia Ubelgiji. Ukisaini mkataba husaini na siasa za babu wa shabiki. Hata Glasgow yenyewe, mji wa klabu zote mbili, ilipiga Ndiyo kwa asilimia 53.5, idadi isiyoweza kugawanywa kwa rangi ya jezi.

Dhana: Ikijitenga, Uskoti itabidi iombe upya kuingia FIFA

Hapa najua swali linatoka wapi. Watu wanaikumbuka Zanzibar: Machi 2017 CAF iliipokea kuwa mwanachama kamili, Julai mwaka uleule ikaiondoa kwa maelezo kwamba si nchi inayojitegemea. Mtu wa Unguja akiiona Uskoti kwenye Kombe la Dunia, ana haki ya kuuliza.

Jibu liko kwenye tarehe. Chama cha Soka cha Uskoti kilianzishwa 1873, miaka 31 kabla ya FIFA yenyewe. Bodi inayotunga sheria za mchezo iliundwa 1886 na vyama vinne, vya England, Uskoti, Wales na Ireland, na hadi leo kila kimoja kina kura yake humo, FIFA ikiwa na nne. Katiba ya FIFA inasema chama kimoja kwa nchi moja, kisha inawataja wale wanne kuwa hali ya pekee. Zanzibar haikupewa mlango huo. Unaweza kuona ni dhuluma kwa Zanzibar, na mimi ni mmoja wa wanaoona hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo uhuru hauitoi Uskoti FIFA. Ungeifanya mwanachama wa kawaida: chama kimoja, nchi moja. Hofu ya kweli ya Waskoti imekuwa upande wa pili. Timu moja ya Uingereza ilipoundwa kwa Olimpiki ya London 2012, chama chao kiliipinga kwa kuogopa kwamba dunia itauliza kwa nini dola moja lina timu nne. Kwenye kikosi cha wanaume hapakuwa na Mskoti hata mmoja. Kwa wanawake walikwenda Kim Little na Ifeoma Dieke.

Dhana: Celtic na Rangers watahamia ligi ya England, au watazuiwa milele

Mpaka wa dola si mpaka wa ligi. Cardiff na Swansea ni za Wales na zinacheza England. Derry City iko Ireland Kaskazini na tangu 1985 inacheza ligi ya Jamhuri ya Ireland. Monaco inacheza Ufaransa. Berwick Rangers ni ya mji wa England na imecheza Uskoti miaka nenda rudi. Haya huamuliwa na ligi zenyewe, vyama na UEFA. Wenye ligi ya England hawajataka, basi.

Dhana: Uhuru utaleta kodi kubwa na wachezaji watakimbia

Kodi imeshatofautiana tayari, bila uhuru. Bunge la Uskoti linapanga viwango vyake vya kodi ya mapato, na tangu Aprili 2024 anayepata zaidi ya pauni 125,140 anatozwa asilimia 48 kwa kinachozidi hapo. England ni 45. Kinachoamua ni makazi: mchezaji wa Queen of the South ya Dumfries ambaye nyumba yake iko Carlisle anatozwa kwa viwango vya England. Narudia, anwani.

Dhana: Waskoti wanaocheza England watahitaji vibali vya kazi

Kwa watu wazima, mfano uko jirani. Jamhuri ya Ireland ni nchi huru, imo Umoja wa Ulaya, na raia wake wanaishi na kufanya kazi Uingereza bila kibali kwa makubaliano ya usafiri ya tangu miaka ya 1920, yaliyobaki hata baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Mfumo wa pointi wa vibali vya wachezaji wa kigeni, ulioanza Uingereza Januari 2021, unaowakwamisha vijana wetu wengi, haumgusi Muayalandi. Serikali ya Uskoti, katika waraka wake wa Novemba 2013, ilikusudia kubaki ndani ya makubaliano hayo. Waraka huohuo uliahidi kwamba mwenye mzazi au babu Mskoti angeweza kusajiliwa kuwa raia, kwa hiyo watu kama McTominay, aliyezaliwa Lancaster kwa baba Mskoti, wasingefungiwa timu ya taifa.

Pa kuangalia ni kwa watoto, na hapo sijawahi kuulizwa hata mara moja. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache. Uhamisho kutoka Uskoti kwenda England ni wa kimataifa, maana vyama ni viwili. Billy Gilmour alitoka Rangers kwenda Chelsea 2017 akiwa na miaka 16. Enzi zile wote walikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, ambako wa miaka 16 na 17 wanaruhusiwa kuhama. Ben Doak alitoka Celtic kwenda Liverpool 2022 akiwa na miaka 16, Uingereza ikiwa imeshatoka Umoja wa Ulaya. Alipitaje? Kwa kifungu kinachoruhusu wa umri huo kuhama kati ya vyama viwili vilivyo ndani ya nchi moja.

Nchi moja. Siku Uskoti inakuwa nchi huru, maneno hayo hayaihusu tena. Kijana wa Celtic wa miaka 16 angekuwa kama kijana wa Dublin leo, ambaye uraia wake unamruhusu kuishi Liverpool lakini FIFA haimruhusu kusajiliwa huko hadi afikishe 18. Na kama Uskoti ingeingia Umoja wa Ulaya, angeweza kwenda Italia au Ujerumani akiwa na 16. Vilabu vya Uskoti vingewashikilia vijana wao miaka miwili zaidi mbele ya fedha za England, jambo ambalo binafsi naliona zuri kwa mpira wao. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote kwa mwanasoka wa Uskoti.

Uhuru wenyewe ni lini, hakuna tarehe. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura nyingine bila ridhaa ya London.

Yule baba ana kijana wa miaka 15, winga mzuri, mguu wa kushoto. Mtu fulani amemwambia kwamba Uskoti ikiwa huru "milango itafunguka" na ampeleke mapema. Kutoka Afrika Mashariki, kwa kijana wa umri huo, kifungu cha nchi moja hakimhusu na cha Umoja wa Ulaya hakimhusu, Uskoti iwe huru au isiwe. Nimemwambia asimlipe yule mtu hata shilingi, aweke vizuri cheti cha kuzaliwa, na kijana amalize kidato cha nne.